Picha Moja ya Kifua, Walipaji Watatu

Kwetu Gongoni, Tabora, mtu akipata ile bahati nasibu ya viza ya Marekani, muuza maandazi wa pale kona hujua kabla ya mke wa mwenye bahati. Mdogo wangu alipata mwaka 2018. Magharibi haijaingia, baraza letu lilikuwa limejaa: wazee wa Kimanyema na vibaraghashia vyao, mafundi cherehani, vijana wa bodaboda, na shangazi mmoja aliyetoka mtaa wa Ng'ambo kwa miguu kuja kuhakikisha kwa macho yake. Kila mtu alikuwa na ushauri juu ya baridi ya Marekani. Ilipofika zamu ya hela, wote walinigeukia mimi, kwa kuwa nimestaafu kazi ya kuweka mahesabu ya vyama vya msingi vya tumbaku. Nikakabidhiwa daftari.

Daftari lile ninalo mpaka leo. Ukurasa wa kwanza una vichwa vitatu tu: ada ya viza, kipimo cha afya, nauli. Ada ya viza haikunisumbua. Ni dola 330 kwa kila kichwa, hairudishwi hata ukinyimwa. Yeye, mkewe na watoto watatu, dola 1,650. Dola moja wakati ule ilikuwa karibu na shilingi 2,300, kwa hiyo unaweza kukokotoa mwenyewe kabla hujaendelea kusoma. Nauli tuliiachia Mungu kwa muda. Kichwa cha kipimo cha afya ndicho nilichokiachia nafasi kubwa, karibu ukurasa mzima, na shemeji yangu alipoona aliuliza kama nakusudia kuandika barua. Nilimjibu kwamba nimekaa na wakulima wa tumbaku muda wa kutosha kujua kuwa bei inayotajwa mlangoni siyo hesabu inayofungwa.

Watu wengi wanadhani kipimo kile kina bei ya serikali kama pasipoti. Hakina. Serikali ya Marekani inapanga kipimwe nini na nani aruhusiwe kupima. Bei inabaki kwa daktari. Ukiwa nje ya Marekani, lazima uende kwa daktari aliyeidhinishwa na ubalozi wao, na huyo tu. Barua ya bingwa yeyote mwingine, hata awe profesa, haina kazi. Ukiwa tayari uko kule ndani na unaomba ukaazi, utapelekwa kwa daktari aliyeteuliwa na idara yao ya uhamiaji, na idara hiyo nayo husema wazi kwamba haihusiki na bei. Ndiyo maana ndugu zetu walioko huko hupiga simu kliniki tatu nne kabla ya kwenda, kwa sababu kipimo kilekile, kwa fomu ileile, kinaweza kuwa na bei mbili katika mtaa mmoja. Sisi wa Tabora hatuna kliniki tatu nne za kupigia. Wa kwetu walikuwa Dar es Salaam, basi.

Na hapo ndipo hesabu inapoanza kutanuka. Watu watano kutoka Tabora hadi Dar kwa basi, kupitia Nzega, Singida na Dodoma. Kulala. Kula. Mtoto wa mwisho kutapika Singida na kununuliwa nguo nyingine. Daladala na bajaji za Dar, ambazo mtu wa Tabora aliyezoea kwenda kila mahali kwa miguu au baiskeli hazihesabu mpaka jioni anapopapasa mfuko. Nilimwambia mdogo wangu aniandikie kila kitu, hata maji ya kunywa, akanitumia ujumbe kila usiku nami nikanakili. Tulipojumlisha, safari na malazi viliipita ada ya kliniki, na hapo walikuwa wamefikia kwa ndugu Buguruni bila kulipa pango.

Watu wa Unyanyembe, yaani sisi wa Tabora, tungepaswa kuijua hesabu ya namna hii kuliko wengine. Mwenye msafara aliyetoka Bagamoyo kuja huku alijua ujira wa wapagazi wake wa Kinyamwezi kabla hajafunga mzigo wa kwanza. Asichoweza kukijua ni gharama ya kupita Ugogo. Pale kila mtemi alikuwa na hongo yake, ya vitambaa vya merikani na kaniki, ya shanga na nyaya, na haukuwa wizi. Ulikuwa ushuru wa nchi yake na visima vyake. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walitoka pwani mwezi Juni 1857 wakafika Kaze, ndiyo Tabora hii, mwezi Novemba. Kilichowala njiani si vitambaa peke yake. Zilikuwepo siku za kukaa kambini wakingoja mtemi aseme anataka kiasi gani, huku wapagazi wanakula na hawatembei. Hongo yenyewe unaweza kuibishania ikapungua. Siku iliyokwisha huipunguzi.

Nirudi kwenye daftari. Kitu cha kwanza kilichotuokolea fedha kilitoka chini ya kitanda cha mama. Marekani, tangu sheria yao ya mwaka 1996, wanamdai mhamiaji ushahidi wa chanjo, na asiye na ushahidi huchanjwa upya kwa gharama yake, sindano moja moja, kila moja na bei yake. Mama yetu hajui kusoma vizuri, lakini ana sanduku la bati ambalo karatasi yoyote yenye muhuri huingia humo na haitoki. Kadi za kliniki za watoto wote watatu zilikuwemo, zimekunjwa mara nne, moja ina doa la mafuta ya taa na ile mistari ya kupandia uzito imefifia, lakini tarehe zinasomeka: kifua kikuu siku ya kuzaliwa, polio, pepopunda na wenzake, surua. Daktari alizipokea. Wazazi wao, waliozaliwa zama ambazo kadi ilikuwa ikifungia karanga, hawakuwa na chochote cha kuonyesha, wakachomwa sindano na kulipia. Kwenye ukurasa wangu mstari wa chanjo wa watoto ni mfupi na wa wazazi ni mrefu, jambo ambalo shemeji aliliona ni uonevu mpaka nilipompa sababu.

Jambo la pili lilikuwa umri, na hili watu hawalifikirii. Wakati ule mtoto wa miaka 2 hadi 14 alipimwa maambukizi ya kifua kikuu kwa damu. Aliyefika 15 alipigwa picha ya kifua kama mtu mzima na kuongezewa vipimo vya kaswende na kisonono. Binti mkubwa wa mdogo wangu alikuwa ametimiza miaka 15 majuma machache tu kabla ya miadi. Akavuka daraja la bei. Akavuka na daraja jingine pia, maana ilibidi mama yake amweleze kwenye benchi la kliniki kwa nini mtoto wa sekondari anapimwa magonjwa yale. Gharama hiyo haikuingia daftarini.

Halafu ikaja picha ya kifua ya mdogo wangu mwenyewe.

Akiwa kijana aliwahi kuugua kifua kikuu. Alitibiwa hospitali ya Kitete, hapa hapa, akameza vidonge miezi mingi huku nesi akimwangalia anavyomeza, akapona. Hakulipa hata senti. Matibabu ya kifua kikuu Tanzania ni bure, na hiyo siyo hisani ya juzi: mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianza mwaka 1977, ukasimamiwa pamoja na Karel Styblo, daktari kutoka Chekoslovakia aliyekuwa na umoja wa kimataifa wa kupambana na kifua kikuu, na ule utaratibu wa kumeza dawa mbele ya mhudumu uliokomazwa katika vituo vyetu vya afya ndio Shirika la Afya Duniani lilikuja kuutangaza dunia nzima miaka ya 1990. Kwa maneno mengine, mdogo wangu alitibiwa kwa njia ambayo nchi yake iliifundisha dunia. Alibaki na kovu dogo juu ya pafu la kulia.

Kovu hilo lilionekana kwenye picha. Daktari hakumwambia ni mgonjwa. Alimwambia hajui, na kwamba kanuni inataka ijulikane. Makohozi siku tatu mfululizo za kazi, asubuhi kabla ya kula, ndani ya kliniki na mbele ya mhudumu. Kisha yaangaliwe kwa hadubini, kisha yaoteshwe maabara yasubiriwe kama kuna mdudu atakayeota. Kuota huko huchukua majuma sita hadi manane, kwa sababu mdudu wa kifua kikuu hana haraka na hakuna fedha ya kumharakisha.

Aliponipigia simu kunieleza, jambo la kwanza aliloniuliza ni bei ya kipimo cha makohozi. Nikamuuliza leo tarehe ngapi.

Viza za bahati nasibu zina mwisho usiosogea. Za mwaka wao wa fedha wa 2019 zilikuwa zinafungwa tarehe 30 Septemba 2019, na anayekuwa hajapewa mpaka usiku ule, hata kama makosa si yake, hapati tena. Hakuna rufaa, hakuna mwaka wa pili. Tulikuwa katikati ya mwaka. Majuma manane yalitubakizia nafasi, lakini kama mdudu angeota, matibabu ya miezi sita chini ya uangalizi wao yangetupitisha mbali na Septemba, na kila kitu kwenye daftari kingebaki kumbukumbu ya deni. Hapo ndipo nilipoelewa kwa vitendo kwamba katika kipimo cha uhamiaji fedha nyingi zinalipwa kwa kalenda. Mtu anayeugua hospitalini hulipa ili apone, akichelewa kupona anavumilia. Huyu wa viza analipa ili athibitishwe kabla ya tarehe fulani.

Kadi yake ya matibabu ya kifua kikuu ilipatikana, tena kwenye sanduku lilelile la bati. Haikumwondolea makohozi, ila ilimwonyesha daktari kwamba dawa zilimezwa hadi mwisho, na nadhani ilimfanya apokelewe kama mtu aliyepona anayesubiri karatasi. Alirudi Tabora kusubiri, kwa sababu kula kwa ndugu Buguruni majuma manane kungetugharimu udugu. Kwa hiyo kulikuwa na nauli ya kurudi na nauli ya kwenda tena.

Wakati wa kusubiri, mitaa ilichangia hofu yake. Mzee mmoja jirani alimwambia arudishe fedha za watu, kwani Wamarekani wanapima ukimwi na wakimkuta nao mtu yeyote katika familia wanafunga faili. Yalikuwa kweli zamani. Katazo lile liliwekwa mwaka 1987 na likaondolewa tarehe 4 Januari 2010. Tangu siku hiyo virusi vya ukimwi si sababu ya kumnyima mtu viza ya Marekani, na havimo tena katika vipimo vya lazima. Lakini sheria ikifutwa Washington, habari za kufutwa kwake husafiri kwenda Gongoni kwa miguu. Ninawajua watu wawili ambao hawakujaza fomu kabisa kwa sababu ya katazo ambalo halikuwepo. Alitokea na kijana wa Dar, rafiki wa rafiki, aliyesema anaweza "kupitisha" majibu kwa kiasi fulani. Nilimwambia mdogo wangu amjibu kwamba mweka hazina hana kifungu cha matumizi hayo.

Makohozi hayakuota kitu. Lakini kovu liliacha alama nyingine kwenye karatasi: cheti cha afya cha mtu wa kawaida hudumu miezi sita, cha mtu mwenye kovu kama lake hudumu miezi mitatu, na viza haiwezi kudumu kupita cheti. Yeye ndiye mwenye bahati nasibu, mke na watoto hawawezi kumtangulia. Kwa hiyo familia nzima ilitembea kwa saa ya pafu lake, na tiketi ambazo tungezinunua taratibu tukitafuta bei nzuri zilinunuliwa kwa pupa. Kabla ya kuondoka walilipa tena dola 220 kwa kila mtu kwa idara ya uhamiaji ya kule ili kadi za ukaazi zitengenezwe, dola 1,100, kitu ambacho wengi huja kukisikia mwishoni. Mpunga wa mwaka ule uliuzwa wote. Kaka yetu wa Sikonge aliuza asali. Wachangiaji wa kikundi cha simu walitoa kidogo. Niseme tu ukweli kwamba watu wa kwetu huchangia harusi kwa moyo mweupe, lakini ukiwaomba mchango wa picha ya kifua wanaanza kukuuliza maswali.

Waliondoka Septemba. Waliofuata mwaka mmoja nyuma yao walikutana na mlango mwingine: tarehe 31 Januari 2020 Rais Trump alitia saini tangazo lililowasimamishia Watanzania viza za bahati nasibu, likaanza kazi Februari, likafutwa na Rais Biden siku alipoapishwa, Januari 2021. Aliyekuwa ameshapima afya akisubiri mahojiano alibaki na cheti kinachochacha sandukuni. Ada ya kipimo hairudi kwa sababu kipimo kilifanyika. Daktari alitimiza kazi yake.

Mdogo wangu alipanga nyumba Louisville, Kentucky, jengo lenye Wakongomani wengi waliotoka kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu. Jirani yake, mama mmoja wa Kibembe, alimkaribisha kwa ugali na samaki, wakakaa wakilinganisha njia zao kama wasafiri wa zamani walivyolinganisha visima. Mama yule na watu wake walipimwa karibu na kambi, watu wazima na watoto, picha za kifua, makohozi, chanjo, dawa za minyoo, na hawakulipa chochote. Mkimbizi anayepelekwa Marekani hupimwa kwa fedha za serikali ya Marekani, kupitia Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. "Sisi kipimo ni bure, dada," aliniambia mama huyo, mdogo wangu alipomkabidhi simu, "lakini tiketi ni deni." Kweli, nauli ya mkimbizi ni mkopo usio na riba, na miezi michache baada ya kufika anaanza kuulipa. Yule mama alikuwa akilipa tiketi za watu wanane kwa mshahara wa kufungasha mizigo ghalani. Mdogo wangu alilipa kipimo na tiketi vyote kabla ya kupanda ndege. Picha ni ileile, ya kifua kilekile cha binadamu, inatafuta ugonjwa uleule.

Kuna mlipaji wa tatu, na huyu yuko nyumba ya nne kutoka kwangu.

Binti wa jirani alipata kazi ya ndani Muscat kupitia wakala. Alipelekwa Dar kupimwa. Nchi za Ghuba hupima zaidi ya Marekani: kifua kikuu, virusi vya ukimwi, homa ya ini, kaswende, na kwa wanawake ujauzito. Majibu yao yana neno moja: anafaa, au hafai. Yake yalikuja hafai. Hakuambiwa sababu kwa maandishi; wakala alimwambia kwa mdomo kwamba ni kifua. Alikuja kupigwa picha hapa nyumbani, akaambiwa kuna kovu la zamani lililokwisha kupona. Yeye mwenyewe hakuwahi kujua kwamba aliugua. Kovu kama lile lililomchelewesha mdogo wangu na kumpunguzia miezi, kwa njia ya Ghuba lilifunga mlango moja kwa moja, maana kanuni zao haziachi nafasi ya kuotesha makohozi na kuona kama kuna mdudu aliye hai. Alama yenyewe inatosha.

Mama yake alikuja kwangu na karatasi. Wakala alikuwa ameorodhesha: kipimo cha afya, nauli ya kwenda Dar, malazi, pasipoti, "usumbufu". Jumla aliitaka ilipwe na familia, kwa sababu binti "ameshindwa kipimo". Niliisoma karatasi ile kwa macho ya kazi yangu ya zamani. Usumbufu hauna risiti, nikaukata. Kuhusu kipimo, nilimweleza jambo ambalo ningependa kila mzazi wa Tabora anayempeleka binti kwa wakala alijue: Novemba 2018, huko Geneva, wataalamu wa serikali, waajiri na wafanyakazi walikutana chini ya Shirika la Kazi Duniani wakakubaliana ni gharama zipi ni za kuajiri mtu, zisizopaswa kubebeshwa mfanyakazi. Vipimo vya afya na chanjo vimetajwa humo kwa jina. Anayetaka mfanyakazi ndiye anayetaka kujua kama mfanyakazi ni mzima. Basi alipie kujua kwake. Makubaliano yale si amri ya mahakama ya Tabora, na wakala alilijua hilo vizuri kuliko mimi. Lakini alipoona barua yenye tarehe, saini ya mwenyekiti wa mtaa na swali la kumtaka aonyeshe risiti za kila kipengele, alipunguza. Risiti aliyoileta ilikuwa ya kipimo peke yake, na ilikuwa ndogo kuliko kiasi alichoandika.

Kwa hiyo anayekuja siku hizi kuniuliza kipimo cha uhamiaji ni shilingi ngapi, na wanakuja, kwani daftari lile limenipa sifa nisizozitafuta, simpi namba. Namuuliza kwanza anakwenda kama nani: kwa bahati yake, kwa ukimbizi, au kwa kuitwa na mwajiri. Namuuliza kadi za kliniki ziko wapi. Namuuliza kuna nani ndani ya nyumba aliyewahi kukohoa muda mrefu, na nauliza pembeni, maana swali hilo mbele ya wakwe ni la kuvunjia watu heshima. Mwanamke nitamuuliza kama ana mimba, kwa sababu kliniki itamtaka achague: apigwe picha huku tumbo limekingwa, au angoje ajifungue, na kungoja kuna bei yake. Mwisho namuuliza kliniki anayokwenda bei yao inaishia wapi: chanjo ziko ndani au nje, makohozi yakihitajika ni malipo mapya au yaleyale, na nani analipa ikibidi kurudi.

Juzi alikuja mtoto wa binamu yangu, amepata nafasi ya shahada ya pili Uingereza, mwaka mmoja. Alikuwa na furaha kwamba Waingereza hawamtaki vipimo vingi, wanataka cheti cha kifua kikuu tu kwa anayekaa zaidi ya miezi sita, nacho hudumu miezi sita. Kweli, kipimo chao ni chepesi. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za majaribio walipokianzisha mwaka 2005. Nikamuuliza kama amesikia malipo ya huduma za afya yanayodaiwa kabla ya viza. Hakuwa amesikia. Mwanafunzi analipa pauni 776 kwa mwaka, na kwa kuwa viza ya kozi ya miezi kumi na miwili huongezewa miezi minne ya kumalizia mambo, atahesabiwa mwaka na nusu: pauni 1,164, zilipwe kwa mkupuo, hata kama hataugua mafua.

Alikaa kimya, kisha akauliza kama anaweza kuitisha kikao cha ukoo Jumapili baada ya adhuhuri. Nimemwambia aitishe, ila aje na barua ya chuo yenye tarehe ya kuripoti, na amwambie baba yake asiuze mpunga kabla sijaiona.